Chuo kimetualika siku ya wazi: niende, na niangalie nini?

"Binti yangu alimaliza kidato cha nne mwaka jana, akapata daraja la tatu, pointi 23. Baiolojia ana C, Kemia D, Fizikia D. Tangu mdogo anataka uuguzi. Sasa chuo kimoja cha binafsi Mwanza kimetutumia ujumbe kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu ni siku ya wazi, wazazi na watoto wote tunakaribishwa, na atakayelipa sehemu ya ada siku hiyo hiyo atapunguziwa pesa ya usajili na nafasi yake itashikiliwa. Sisi tupo Sengerema. Baba yake anasema ni kupoteza nauli, fomu ijazwe kwa simu yaishe. Shemeji yangu anasema twende na hela mkononi kabisa, nafasi za afya zinagombaniwa. Mimi nimeishia darasa la saba, nauza dagaa sokoni. Naogopa nikifika pale niulizwe maswali nishindwe kujibu, nimwaibishe mtoto, wamkatae. Je, niende? Na nikienda, naangalia nini?"

Mama, nenda. Hela ya ada iache nyumbani, lakini wewe mwenyewe nenda.

Nianze na hofu yako, maana ndiyo nzito kuliko yote uliyoandika. Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya udahili katika vyuo vya afya, upande ule ambao unauogopa. Siku ya wazi hakuna anayeipima familia. Hakuna daftari linaloandikwa kwamba mama wa huyu amesoma mpaka wapi, wala hakuna usaili wa mzazi. Mtoto wa diploma anadahiliwa kwa alama zake. Kiwango cha chini cha diploma ya uuguzi ni kufaulu masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia kuanzia D. Binti yako anayo yote matatu. Waombaji wakizidi nafasi, wenye alama kubwa zaidi watatangulizwa, na hapo pia wewe huna unachoweza kumharibia kwa kuuliza swali wala kwa kukosa jibu.

Tena kwa alama hizo ni vigumu apangiwe PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, kidato cha tano, kwa hiyo kama moyo wake uko kwenye uuguzi, diploma ndiyo njia yake ya wazi. Usikubali aambiwe kwamba amekwama hapo. Akimaliza na wastani wa GPA 3.0 au zaidi, akiwa na ufaulu wa masomo ya kidato cha nne ambayo chuo kikuu husika kinayataka, mlango wa shahada ya uuguzi unafunguka.

Sasa elewa chuo chenyewe kina shida gani siku hiyo, maana ukiielewa utatembea pale ukiwa mwepesi. Chuo cha binafsi kinaishi kwa ada. Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, yaani NACTVET, ndilo linalokipangia chuo kipokee wanafunzi wangapi kwa kila kozi. Diploma ya uuguzi ni miaka mitatu. Kiti kilichobaki wazi mwaka wa kwanza ni vigumu kukijaza baadaye, hivyo chuo kinakosa ada ya miaka mitatu kwa kiti kimoja. Ndiyo maana kuna turubai, maji ya chupa, muziki na wanafunzi waliovalishwa sare mpya. Sikilaumu chuo kwa hilo; hata wewe ukisikia mgeni anakuja unafagia uwanja. Ila jua kwamba siku hiyo wao wana haja na binti yako kuliko mnavyodhani.

Na kazi hii ya kukagua unaijua tayari. Gunia la dagaa likishushwa kwenye gari, wale wa juu siku zote ni wazuri, wakavu, hawana mchanga. Hununui kwa kuwatazama wa juu. Unaingiza mkono mpaka kiwiko, unatoa wa chini, unanusa. Chuo kikague hivyo hivyo.

Kabla sijafika kwenye ukaguzi, nimalize habari ya hela, kwa sababu hapo ndipo nimeona watu wakiumia. Shemeji yako anakutakia mema, lakini anachanganya mambo mawili: kulipa na kudahiliwa. Utaratibu ni kwamba mtoto anaomba wakati dirisha la udahili limefunguliwa, chuo kinachagua, kisha majina yanapelekwa NACTVET yahakikiwe. Asiye na sifa, au aliyeomba kozi isiyotambuliwa, anaondolewa huko, hata kama amelipa. Kwa hiyo yule kijana mwenye kitabu cha risiti chini ya turubai hana uwezo wa kukushikia nafasi ambayo bado haijahakikiwa. Anachoshika ni fedha yako. Kuipata tena baadaye ni safari nyingine, na fomu nyingi za kujiunga zina mstari mdogo unaosema ada ikishalipwa hairudishwi. Usomeni mstari huo pamoja kabla ya kitu kingine chochote.

Punguzo la usajili linaweza kuwa la kweli. Mwambie mhusika akuandikie kwenye karatasi yenye mhuri: kiasi gani, kwa kozi gani, mpaka tarehe gani. Kama ni la kweli hatasita. Akikuambia ni leo tu kabla ya saa kumi, shukuru uendelee kutembea. Siku mtakapoamua kulipa, lipeni benki, kwenye akaunti yenye jina la chuo, na mtoto abaki na karatasi ya benki. Namba ya simu ya mtu binafsi isipokee ada ya mtoto wako, hata awe mkuu wa chuo.

Jambo la pili ni usajili, na hapa kuna kosa wanalofanya hata wazazi wenye digrii. Wanauliza "chuo kimesajiliwa?" wanajibiwa ndiyo, wanaonyeshwa cheti ukutani kwenye fremu, wanaridhika. Swali halijaisha. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa na kinafundisha ufamasia kihalali kabisa, huku kozi ya uuguzi waliyoianzisha juzi bado haijaidhinishwa. Uliza hivi: "Naomba kuona idhini ya NACTVET ya kozi ya uuguzi, kwenye chuo hiki, hapa Mwanza." Sema "hapa Mwanza" kwa makusudi, kwa kuwa vyuo vingine vina matawi, na idhini ya makao makuu si ya tawi.

Nieleze kwa nini nalisisitiza hili. Mhitimu wa diploma akitaka kwenda chuo kikuu lazima apate namba ya uhakiki ya NACTVET, inayoitwa AVN. Namba hiyo inatoka kama masomo yake yalitambuliwa na matokeo yake yalifika baraza. Alikuja ofisini kwangu binti mmoja, amesoma mahali fulani miaka yote, amelipa mpaka shilingi ya mwisho, anacho cheti kilichochapwa vizuri kwenye karatasi nzito. Namba haikutoka. Jina lake halikuwahi kupelekwa popote. Alikaa kwenye kiti akakishika kile cheti kwa mikono miwili, hakulia, akaniuliza kama anaweza kuanza upya mwaka wa kwanza. Alikuwa na miaka 22. Nikikumbuka siku ile ndipo napata nguvu ya kuwaambia wazazi waulize hata kama wataonekana wasumbufu. Na kwa muuguzi kuna kizingiti kingine baada ya diploma: bila kuandikishwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania haruhusiwi kumgusa mgonjwa, na leseni ina mtihani wake. Muulize mkuu wa idara waliomaliza mwaka jana walikuwa wangapi na waliopata leseni ni wangapi. Mkufunzi anayeijali kazi yake anazo hizo namba kichwani.

Sasa twende kwenye kuingiza mkono chini ya gunia.

Watawapitisha kwenye chumba cha mazoezi. Mle mna vitanda vya wagonjwa na midoli mikubwa ya plastiki ambayo wanafunzi wanajifunzia kuchoma sindano, kuweka dripu, kuzalisha, kusafisha kidonda. Wengi hupita wakisema "aah, kumbe wana vifaa." Wewe simama, msogelee mdoli mmoja, tazama mkono wake pale kiwiko kinapokunjwa. Mdoli anayefanya kazi ana matundu, tena mengi, plastiki imekwaruzika na kubadilika rangi. Akiwa laini kabisa, anang'aa, au bado amefunikwa nailoni aliyokuja nayo toka dukani, huyo ni wa maonyesho. Kitanda pia: mashuka yametandikwa kwa kona zilizokunjwa vizuri, na mwanafunzi anayewatembeza anaweza kuikunja kona hiyo mbele yako? Mwombe. Hiyo ni kazi ya wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza, na mwanafunzi wa mwaka wa pili ataifanya huku anaongea.

Lakini uuguzi haufundishwi kwa mdoli, unafundishwa wodini. Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote pale chuoni. Uliza wanafunzi wanakwenda hospitali gani kwa mazoezi. Wakitaja Bugando au Sekou Toure, vizuri, ni hospitali kubwa na zina wagonjwa wa kila aina. Basi endelea kuuliza, usiridhike na jina. Je, kuna mkataba na hospitali hiyo au wanaomba kila mara? Mwanafunzi anaanza kwenda mwaka wa kwanza au wa pili, na kwa wiki ngapi? Nani anamsimamia akiwa wodini, mkufunzi wa chuo anafika au anaachiwa wauguzi wa zamu ambao wana wagonjwa wao? Wodi kubwa hupokea wanafunzi wa vyuo kadhaa kwa wakati mmoja. Wakizidi, wale wa nyuma wanaona migongo ya wenzao. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mkiwa pembeni: "Mwanangu, umezalisha akina mama wangapi kwa mikono yako mwenyewe?" Wanacho kitabu ambamo kila kazi waliyoifanya inasainiwa na msimamizi. Mwombe kwa upole akuonyeshe, amefunika majina ya wagonjwa. Kurasa zilizojaa saini za tarehe tofauti na kalamu tofauti zitakwambia zaidi ya hotuba ya mkuu wa chuo. Kurasa zilizosainiwa zote kwa kalamu moja siku moja nazo zitakwambia.

Ada yenyewe usiiulize kwa mdomo. Omba mchanganuo wa ada ulioandikwa, wa miaka yote mitatu, kisha uulize kisichokuwemo: sare na viatu vya wodini, bima ya afya, michango ya mitihani, nauli ya kwenda hospitali, hosteli na kama chakula kimo. Nimeona familia zilizojiandaa kwa ada ya mwaka wa kwanza zikayumba muhula wa pili kwa sababu ya vitu hivi vidogo vidogo. Uliza pia kama ada inapokelewa kwa awamu na kama mwenye deni anazuiwa mtihani. Na uliza jambo ambalo wazazi wanaliogopa kulitamka: mtoto akisimama njiani kwa kukosa ada, anatoka na nini? Masomo haya yamepangwa kwa ngazi, ya 4, ya 5 na ya 6. Aliyefaulu na kumaliza ngazi ya 5 anacho cheti cha astashahada, hajapoteza miaka yake. Ni vizuri kulijua hilo mapema kuliko siku ya dhiki.

Wakikwambia "mkopo upo", tulia. Mkopo hautolewi na chuo, unatolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa diploma mwaka wa masomo 2023/24 kwa fani za kipaumbele. Afya imo, lakini si kila kozi ya afya. Mwongozo wa bodi unatoka kila mwaka na unataja kozi moja moja. Kama uuguzi haumo kwenye orodha ya mwaka huu, pangeni bajeti kana kwamba hakuna mkopo.

Hosteli. Kuna bibi mmoja simsahau. Tulikuwa tumewakalisha wazazi chini ya turubai wanasikiliza hotuba, yeye akanyanyuka taratibu na fimbo yake akaenda hosteli ya wasichana. Nikamfuata nikidhani anatafuta choo. Nikamkuta chooni kweli, amefungua bomba, amelitazama halitoi kitu. Akafungua la pili. Akanigeukia akasema, "Mwanangu, wasichana mia, mnawaogesha wapi?" Sikuwa na jibu, na Jumatatu yake suala la tangi la maji lilikuwa mezani kwa uongozi. Bibi yule hakuwahi kuingia darasani hata siku moja. Fungua bomba, mama. Tazama kama mlango wa choo unajifunga kwa ndani, na kama njia ya kutoka maktaba kwenda hosteli ina taa.

Jambo jingine la binti ni usalama wake na wakubwa. Mkufunzi kudai mwili ili atoe alama ni kosa la jinai. Sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 inalitaja wazi. Uliza dawati la jinsia liko wapi na nani analisimamia, ukitazama uso wa anayejibu. Kisha mwulize swali hilo hilo msichana wa mwaka wa pili akiwa peke yake. Akijua jina na chumba, dawati lipo kweli. Akicheka na kutazama pembeni, mwanao akiwa pale mpigie simu mara kwa mara.

Maswali mengine yote mwachie mwenyewe. Mpe daftari, aandike maswali yake matano usiku wa kuamkia safari, na yeye ndiye aongee na mkuu wa idara. Wewe simama nyuma yake hatua moja. Binti anayezoea kujibiwa na mama hapati nafasi ya kujisikia kama ataweza kuishi pale peke yake. Aombe pia kukaa darasani hata dakika kumi kama kuna kipindi, au atazame daftari la mwanafunzi. Hotuba zote zitakuwa za Kiswahili, lakini masomo na mitihani ni Kiingereza tupu, na watoto wengi wanaanguka muhula wa kwanza kwa lugha kabla ya kuanguka kwa somo. Aulize kama kuna msaada wowote wa lugha kwa wanaoanza.

Sasa baba yake, maana naye ana hoja. Fomu kweli inajazwa kwa simu. Orodha ya vyuo na kozi zilizoidhinishwa, ada zake na sifa za kuingia zimo kwenye mwongozo wa udahili ambao NACTVET huutoa kila mwaka kwenye tovuti yake, bure. Na msisahau vyuo vya afya vya serikali, ambavyo huombewa kupitia mfumo wa pamoja wa baraza hilo. Ada yake kwa kawaida ni nafuu, ushindani ndio mkali. Ningekuwa nyinyi ningeomba huko pia, halafu hiki cha Mwanza kiwe cha pili. Lakini simu haifungui bomba wala haioni mkono wa mdoli. Mnazungumzia miaka mitatu ya ada, na nauli ya watu wawili kuvuka Busisi ni kidogo sana mbele ya fedha hiyo. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hata kusubiri kivuko hakupo tena. Kama hela inatosha wawili tu, nenda wewe na binti. Baba apewe kazi ya kusoma fomu ya kujiunga ikifika nyumbani, mstari kwa mstari.

Kama mnaye ndugu wa kuwalaza Mwanza, ningewashauri mfike Ijumaa asubuhi badala ya Jumamosi. Siku ya kazi chuo kinakuwa chenyewe. Piteni getini, mseme mnatafuta njia ya kesho, mtazame kama kuna madarasa yanaendelea na wakufunzi wapo. Halafu nendeni ofisi ya NACTVET ya Kanda ya Ziwa, iko Mwanza hapo hapo, na Jumamosi msiitegemee kuwa wazi. Bebeni jina kamili la chuo na jina la kozi, mwulize kama imeidhinishwa. Kuulizwa maswali hayo ni sehemu ya kazi yao, na majibu yao yana uzito kuliko yangu mimi ambaye sijakijua chuo chenyewe.

Kuna hali tatu ambazo ningekuomba usiishie kusoma maandishi kama haya, umwone mtu uso kwa uso. Ya kwanza ni kama jina la binti kwenye matokeo halilingani na cheti cha kuzaliwa, hata kwa herufi moja. Hilo linahitaji kiapo kwa wakili au marekebisho RITA, ofisi ya serikali inayotoa vyeti vya kuzaliwa, na lishughulikieni sasa, kabla dirisha halijafunguliwa. Ya pili ni kama mmeshalipa mahali na mnaanza kuwa na shaka: pelekeni risiti zote ofisi ya kanda mapema. Ya tatu ni kama binti mwenyewe ana ugonjwa wa kudumu au anazimia akiona damu. Kuzimia mara moja hakumfungii mtu uuguzi, wengi huzoea, lakini aongee na muuguzi anayefanya kazi, pale hospitali ya Sengerema, amweleze zamu ya usiku ilivyo.

Mkipanda basi kurudi, usianze wewe kusema ulichokiona. Mwulize nani alimjibu vizuri, nani alimjibu bila kumtazama, na ni mwanafunzi gani mle angependa kukaa naye chumba kimoja. Mwache aongee mpaka daraja lipite.